Maji ya moto: Mwenye nyumba huchagua, mpangaji hulipa

Yamkini baadhi ya wasomaji watastaajabu kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya mita, nyaya na matangi ya maji. Sina cheti cha uhandisi wala sikitafuti. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa sasa hapa mtaani Donholm nimekuwa nikisikiliza hoja za wapangaji, za wenye nyumba na za wauzaji wa vifaa kuhusu njia iliyo nafuu ya kupata maji ya kuoga kwa stima, na nimetambua kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo imejengwa juu ya maneno. Watu hutumia neno moja kwa mambo matatu, kisha mwisho wa mwezi hulipia ule mkanganyiko kwa tokeni. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi hii inanihusu.

Kwa wasioufahamu mtaa huu, Donholm iko mashariki mwa Nairobi, kandokando ya barabara ya Outer Ring, upande inakoishia Jogoo Road. Hiyo Jogoo Road yenyewe iliitwa Doonholm Road zama za ukoloni, kwa jina la shamba la mlowezi lililopewa jina la mahali huko Uskochi. Herufi moja ilidondoka njiani nasi tukabaki na Donholm. Nyumba za awali zilikuwa za familia moja moja, kila moja na ua wake mdogo. Leo magorofa yameota katikati yake na pembezoni, na katika kila ghorofa kuna familia inayoamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili watoto wawahi basi la shule. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 12 za Selsiasi, na maji yaliyolala katika tangi la paani huuma kama sindano. Maji ya moto, basi, hayawezi kuitwa anasa. Mwenye shaka na amwogeshe mtoto wa miaka mitatu kwa maji ya bomba mwezi wa Julai.

Tuanze na hesabu, maana pasipo hesabu tutabishana mpaka jua lituchwee. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji takriban wati-saa 1.16. Ni tabia ya maji yenyewe, na hakuna muuzaji awezaye kuipunguza. Tuseme maji yetu yana nyuzi 20 na tunataka kuyafikisha 40, ambacho ni kiasi cha joto ambacho ngozi ya binadamu hukifurahia. Ndoo ya lita 20 itahitaji wati-saa 465 hivi, yaani chini kidogo ya nusu yuniti. Nami nitachukua bei ya shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, kwa sababu ni rahisi kuihesabia. Msomaji aweke bei anayoiona kwenye risiti yake. Kwa bei hiyo, ndoo moja ya kuogea ni shilingi 14.

Shilingi 14 hizo ni za kifaa gani? Jibu ni kwamba ni za kifaa chochote. Hapa ndipo wengi hukunja uso. Koili itumbukizwayo ndooni, birika la stima, shawa ya papo hapo na tangi lenye kipashio ndani yake vyote hufanya kazi kwa kanuni moja: mkondo wa stima hupita katika waya mgumu kupitika, waya hupata moto, na moto huo huingia majini. Kwa kuwa waya umezama katika maji, takriban kawi yote huishia humo. Hakuna moshi unaopotea dohani wala mwali unaopita kando ya sufuria kama ilivyo kwa gesi au makaa, ambako sehemu kubwa ya joto hupasha jikoni badala ya maji. Katika tendo lenyewe la kupasha, vifaa vyote vya aina hii vinakaribiana mno. Tofauti za gharama, nazo ni kubwa, hutoka kwingine.

Msimamizi wa ploti yetu, kijana mwadilifu sana, aliniambia siku moja alipokuwa akiniletea fundi: "Daktari, chukua koili ya wati 1,000. Ile shawa ni ya wati 5,500, inakula stima mara tano." Ukilisikia jambo hili kwa haraka linaingia akilini. Lakini kitenzi "kula" hakitaji muda. Walaji wawili wakiwekewa sahani mbili za ugali zilizo sawa, mmoja akamaliza kwa dakika 5 na mwingine kwa dakika 28, aliyekula upesi hajala zaidi. Wati hueleza kasi ya ulaji, nazo yuniti hueleza ugali uliokwisha. Koili ile ya wati 1,000 itachukua dakika 28 kuifikisha ndoo yetu kwenye nyuzi 40. Shawa ya wati 5,500 itapasha maji yayo hayo kwa dakika 5 na sekunde chache. Mita itasoma sawasawa.

Niruhusiwe kidogo nilitazame jambo hili kwa jicho la taaluma yangu. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "nguvu" hubebeshwa kani, uwezo wa mashine na kawi kwa pamoja. Sisi Wakenya twasema "kawi" na ndugu zetu Watanzania wasema "nishati", lakini maneno hayo mawili huishi zaidi magazetini na katika majina ya wizara kuliko jikoni. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, akapata alama nzuri katika tofauti baina ya wati na kilowati-saa, kisha akarudi nyumbani asiweze kumweleza mamake kwa nini tokeni za shilingi 500 zimeisha siku ya nne. Ana dhana bila maneno, naye mamake ana mita bila dhana. Muuzaji husimama katikati yao akisema kifaa chake "kinapunguza stima", na hakuna wa kumuuliza kinaipunguza vipi.

Mkanganyiko wa pili ni wa vitenzi "kuchemsha" na "kupasha". Twasema "nichemshie maji ya kuoga", ilhali hakuna aogaye maji yaliyochemka. Nimewasikia walimu wakidai kwamba kuchemsha maji kwa birika na kisha kuyapooza kwa maji baridi ni ubadhirifu mtupu, na kwamba heri kuyapasha yote mpaka yawe vuguvugu. La hasha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 95. Lita 5 na theluthi za maji hayo, yaani mabirika 3 yaliyojaa na tone juu yake, zikichanganywa na lita 14 na ziada za maji baridi, hutoa ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 40. Kawi iliyotumika ni wati-saa 465 zile zile. Joto halikupotea kwa kuchanganywa, limegawanywa tu. Kinachopotea ni kidogo, ule mvuke utokao mdomoni mwa birika na joto la chuma chake.

Afadhali lawama zielekezwe kwenye birika la chumba cha walimu, linalojazwa lita 1.7 kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Kikombe kile kingetosheka na wati-saa 26. Birika zima hutumia karibu 150, na baada ya nusu saa mwalimu mwingine huja akalichemsha upya. Thamosi ilibuniwa kitambo, na sijaona nyumba ya Mkenya isiyo nayo. Kwa nini huishia nyumbani isifike shuleni ni swali ninalowaachia walimu wakuu.

Sasa tuingie bafuni, mahali ambapo fedha zenyewe huteketea. Shawa ya papo hapo imeenea Nairobi kiasi kwamba mjenzi wa ghorofa huitundika kama anavyotundika mlango. Chapa mashuhuri, Lorenzetti, hutoka Brazili, nchi ambayo mamilioni ya watu huoga kwa kifaa cha namna hii. Sifa yake ni kwamba hakuna maji yanayokaa yakipoa: ukifungua bomba hupasha, ukilifunga hukoma. Kwa kasi ya lita 4 hivi kwa dakika, kuoga kwa dakika 5 ni lita 20, nayo ni shilingi 14 zilezile za ndoo. Lakini ndoo ina mwisho unaoonekana, shawa haina. Kijana anayesimama chini yake dakika 15 akiimba ametumia yuniti 1.4 hivi, sawa na shilingi 41, naye hajui kama ameoga mara tatu. Tuchukue familia ya watu 5. Wakioga kwa ndoo watatumia takriban yuniti 70 kwa mwezi, shilingi 2,100. Wakioga shawa kwa dakika 10 kila mmoja, watatumia karibu yuniti 138, zaidi ya shilingi 4,100. Kifaa hakina hatia katika hili. Nimemwona baba mmoja jirani akiweka saa ya mezani nje ya mlango wa bafu, na wanawe wanamchukia kwa hilo.

Shawa hizi zina jambo jingine ambalo wapangaji hulalamikia bila kulielewa. Kuna jioni ambazo maji hutoka yakiwa na uvuguvugu hafifu hata swichi ikiwekwa mwisho. Wengine husema kifaa kimechoka, wengine humshuku jirani. Jirani anahusika, lakini si kwa ubaya. Stima yetu imekusudiwa kufika ikiwa na volti 240. Watu wote wa mtaa wanapopika, kupiga pasi na kuoga kwa wakati mmoja, volti hushuka. Nguvu ya kipashio hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ikishuka hadi 190, shawa ya wati 5,500 hubaki na wati 3,450 tu. Mwogaji hupunguza bomba ili maji yapate joto, maji yakipungua sana kitufe cha ndani hujizima, na hapo ndipo sauti husikika ghorofa nzima. Wa ghorofa ya juu kabisa hutaabika zaidi, kwa sababu tangi liko karibu mno na kichwa chake na maji hayana msukumo wa kukiwasha kifaa.

Na maji yenyewe ni ya aina gani? Eastlands hatutegemei mfereji wa jiji peke yake. Mgao ukikatika, magorofa mengi hutumia maji ya visima virefu, nayo aghalabu yana chumvi. Ndiyo maana dukani utaulizwa kama wataka shawa ya maji ya chumvi au ya maji matamu. Swali hilo ni la uhai. Katika shawa nyingi za bei nafuu waya wa moto hugusana na maji moja kwa moja, na maji yenye chumvi hupitisha stima vizuri zaidi kuliko yale matamu. Ile ya maji ya chumvi waya wake umefunikwa. Mwenye nyumba akinunua isiyofaa kwa sababu ilikuwa na bei ya chini, chumvi hula kipashio, kisha mpangaji huanza kusikia vidole vikimtetemeka anapogusa bomba. Baadhi hulicheka jambo hili na kuvaa kandambili bafuni. Haifai kuchekwa. Shawa ya wati 5,500 huvuta zaidi ya ampea 22, wakati soketi ya ukutani imekusudiwa ampea 13. Yahitaji waya wake mnene, swichi yake ya kujikata, na waya wa ardhini uliofungwa kweli, ambao haukuachwa ukining'inia nyuma ya dari.

Koili nayo, pamoja na ubora wake wa hesabu, ni hatari iliyo uchi. Ndoo ya plastiki sakafuni, waya ukivuka mlango, mtoto anayetambaa: sihitaji kuendelea. Wapo wenye nyumba waliozipiga marufuku koili katika vyumba vya wanafunzi karibu na vyuo, na kwa upande wa usalama siwalaumu. Ninawalaumu wale wanaoipiga marufuku kisha wakafunga shawa kwa waya mwembamba wa taa.

Tangi la kuhifadhia maji moto lina tabia nyingine kabisa. Lita 50 zikifikishwa nyuzi 60 humeza yuniti 2.3, kisha tangi hukaa likivuja joto usiku na mchana hata kama hakuna agusaye bomba. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa fizikia, analo. Wikendi moja familia yake ilipokuwa mashambani alizima vifaa vyote isipokuwa tangi, akasoma mita jioni na akaisoma tena jioni ya pili. Yuniti 1.2 zilikuwa zimetoweka, pasi na mtu kunawa hata uso. Kwa mwezi hizo ni yuniti 36, shilingi 1,080, za kupasha kabati lenye tangi. Kwa familia ya watu 5 gharama hiyo hugawanyika na kuwa shilingi 7 kwa kila mwogaji. Kwa kapera aogaye mara moja kwa siku, shilingi 14 zake zimekuwa 50.

Hapo huzuka hoja ambayo nimeisikia hata kwa watu wenye shahada: kwamba kulizima tangi na kuliwasha tena hugharimu zaidi kuliko kuliacha, kwa kuwa "huanza upya". Si kweli. Kitu cha moto hupoteza joto haraka kadiri kinavyozidi kuwa moto kuliko mazingira yake. Tangi lililopoa halipotezi kitu. Kila saa linapokuwa limezimwa ni saa ambayo limevuja kidogo kuliko lingalivyovuja likiwa limewaka, na kawi ya kulipandisha tena haiwezi kuzidi ile iliyokwisha kuokolewa. Mwalimu yule sasa huwasha saa kumi alfajiri na kuzima saa kumi na mbili, na kidhibiti cha joto amekishusha kutoka 70 hadi 60. Sikumshauri ashuke zaidi, maana maji ya uvuguvugu yakikaa siku nyingi tangini huzaa vijidudu.

Kuna jambo la bei ambalo huifanya hesabu iwe chungu zaidi kuliko nilivyoionyesha. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo hadi 100, na wanaopita 100. Fungu lako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyotangulia, na bei ya fungu huihusu kila yuniti uliyoinunua. Familia yenye taa, runinga, friji ndogo na pasi yaweza kutumia yuniti 50 au 60 ikae salama katika fungu la kati. Iongezee yuniti 70 za kuoga, imevuka mia. Tangu hapo, hata yuniti ya kuwashia taa ya mtoto anayesoma inauzwa kwa bei ya juu, na juu ya bei hiyo huja gharama ya mafuta ya mitambo, tozo ya kusambaza umeme mashambani na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Wenye hali mbaya kuliko wote ni wale waishio kwenye ploti yenye mita moja ya mwenye nyumba na vijimita vya wapangaji. Ploti nzima huhesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa, kisha mwenye nyumba hujiwekea bei yake.

Hili lanirudisha kwa mwenye nyumba, ambaye kichwa cha makala hii kimekwisha kumtaja. Yeye ndiye achaguaye kifaa, naye huchagua kwa bei ya dukani. Shawa ni shilingi elfu chache na fundi wa siku moja. Mtambo wa jua wa kupashia maji, pamoja na tangi lake, mabomba na kazi, ni fedha nyingi kwa mkupuo. Atakayelipa tokeni miaka kumi ijayo si yeye. Mpangaji naye hawezi kununua mtambo wa jua auweke juu ya paa lisilo lake, kwa nyumba ambayo huenda akaihama Desemba. Kila mmoja ana busara katika nafasi yake, na matokeo yake ni upuuzi: jua la Ikweta linachoma mabati matupu, huku chini yake watu 60 wakinunua stima ya kupashia maji. Tukisema jua lingebeba theluthi mbili ya mahitaji ya ile familia ya watu 5, miezi ya mawingu ikihesabiwa, wangeokoa shilingi 1,400 kwa mwezi, karibu 17,000 kwa mwaka. Zidisha kwa nyumba 20 za ghorofa moja.

Serikali ililiona jambo hili. Kanuni za upashaji maji kwa jua za mwaka 2012 ziliagiza kwamba majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua, na yaliyokwisha kujengwa yakapewa miaka 5. Miaka hiyo iliisha 2017. Nakaa ghorofa ya nne, na kutoka roshani yangu naona mapaa mengi kuelekea Savannah na Umoja. Sihitaji vidole vya mikono yote miwili kuihesabu mitambo hiyo.

Lipo pia jambo tulilokuwa nalo tukaliacha lipotee. Kwa miaka mingi kampuni ya umeme ya nchi hii iliuza stima ya kupashia maji kwa bei maalumu ya chini. Nyumba ilikuwa na mita ya pili, na tangi liliwashwa na kuzimwa kwa ishara iliyotumwa kutoka mbali kupitia nyaya zenyewe, ili lipashe saa ambazo mahitaji ya nchi yamepungua. Nyumba nyingine za Nairobi zilizojengwa enzi hizo bado zina kisanduku hicho ukutani, na watoto huuliza ni cha nini. Mpango huo uliondolewa. Katika bei za 2023 nafuu ya saa za usiku imewekewa wenye viwanda na wenye magari ya umeme, hawa wa pili wakipewa nusu ya bei ya mchana. Mwenye tangi nyumbani hana chake.

Najua nitaambiwa kwamba stima haitoshi. Jioni, ndiyo, hubanwa kwelikweli. Lakini usiku wa manane mambo ni mengine. Neno letu "stima" lilitoka kwenye meli za mvuke kabla ya kuhamia kwenye umeme, na kwa muda mrefu wanaisimu tuliliona kama jina lililopotea njia. Kisha mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukaanza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, na leo mvuke huo ndio chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Jina limetimia. Kisima cha mvuke, tofauti na bwawa, hakihifadhi kitu kwa ajili ya kesho; usiku, watu wanapolala na mitambo kupunguzwa, mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Tangi la maji ni mnunuzi asiyelala. Chukua ile familia ya watu 5 yenye tangi: yuniti 70 za kuoga na 36 za kuvuja ni 106. Kwa shilingi 30 ni 3,180, ghali kuliko ndoo kwa zaidi ya elfu. Kwa nusu bei ya usiku ni 1,590, nafuu kuliko ndoo, nafuu kuliko shawa, nafuu kuliko birika. Hakuna kilichobadilika katika tangi. Kilichobadilika ni saa na bei, na hayo mawili huamuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA, si na fundi wa bomba.

Kwa walimu nina ombi la darasani. Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake huandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, mathalan 1,000. Zima vifaa vyote, washa birika la wati 2,000, na wanafunzi wahesabu: watapata mimweko 33 kwa dakika. Washa shawa, wataona 92, au 60 kama volti imeshuka. Kisha waandike walichokiona kwa Kiswahili, aya moja ambayo mzazi asiyesoma fizikia ataielewa. Mwalimu jirani yangu alijaribu na kidato cha pili. Aya nyingi zilitumia "nguvu" kwa kila kitu, lakini msichana mmoja aliandika kwamba wati ni mwendo na yuniti ni umbali, nami nimeiazima kauli hiyo kwa mihadhara yangu.

Sisi wapangaji wa ploti yetu tulimwandikia mwenye nyumba barua mwezi uliopita, kwa heshima zote. Tuliomba mambo matatu: waya wa ardhini ukaguliwe na fundi mwenye leseni, shawa zibadilishwe ziwe za maji ya chumvi kwa kuwa kisima ndicho tunachokitegemea, na turuhusiwe kuchangia mtambo wa jua paani, mchango wetu ukatwe kwenye kodi kidogo kidogo. La kwanza amelikubali, na fundi alikuja Jumamosi. La pili anasubiri shawa zilizopo ziungue. Kuhusu paa amejibu kwamba amekwisha kulikodisha kwa mnara wa simu.